Mwaka Tuliotafuta Ukingo wa Ziwa

Tulimzika Mama Tupoki kwao Bujonde, pembeni ya shamba lake la kakao, na mazishi yalipokwisha tukakaa kwenye mikeka kula. Wali ulikuwa wa kule kule, ule unaonukia hata kabla sufuria haijafunuliwa, pamoja na maharage na vipande vichache vya samaki waliotengewa wazee. Nilikuwa nimetoka Mbeya alfajiri, nimechoka, ninakula bila kumtazama mtu, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, Kiswahili chenye lafudhi ya Moshi ambacho sikuwa nimekisikia kwa karibu miaka thelathini: "Dada Atu, hapo pana nafasi ya mzee mmoja mwenye goti bovu?" Alikuwa Hilary. Nywele zote nyeupe, mwili umepungua, lakini bado ana ile tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza injini. Tukashikana mikono na hatukuachiana haraka. Alipokwisha kukaa, kwa taabu, akaletewa sahani, akaonja wali, akasema, "Huyu mama alinilisha mwaka mzima, wakati ule simwelewi mtu hata mmoja hapa Kyela." Nikacheka. Machozi yaliyokuwa yamekataa kunitoka pale kaburini yakanitoka pale, juu ya sahani.

Mwaka aliousema ndio ninaotaka kuueleza. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Mimi nilikuwa mchora ramani, nimefundishwa kuchora kwa kalamu ya wino na mkono usiotetemeka, na nikawa miongoni mwa waliopunguzwa mwanzo kabisa. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa kakao wamejaa kila kona na mizani zao, mitumba imefika hadi Matema, na kila mtu alikuwa anajifunza upya jinsi ya kupata riziki. Nilikuwa nimekaa nyumbani Tukuyu miezi kadhaa nikisaidia kuchuma chai niliposikia kwamba kuna mradi wa wafadhili unaotafuta mtu anayejua ramani na anayejua Kinyakyusa. Nikashuka Kyela na begi moja. Niliposhuka kwenye gari joto lilinipiga usoni kama mtu aliyefungua tanuri, na wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba sitamaliza mwezi.

Ofisi ilikuwa sebule ya Mama Tupoki. Alikuwa mjane mwenye nyumba kubwa karibu na soko la Kyela, na mradi ulikuwa umepanga vyumba vitatu vya mbele. Yeye akabaki na vya nyuma, jiko na ua. Alikubali kutoa sebule lakini hakukubali kuondoa vitu vyake. Kwa hiyo kompyuta mbili za mradi ziliwekwa katikati ya makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, chini ya picha ya harusi yake, jirani na kabati la vioo lenye vikombe vya wageni ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Meza ya kunakilia ramani, kubwa kama kitanda, ilikaa pale ilipokuwa meza ya kulia. Uani alikuwa akivundika kakao kwenye majani ya migomba kabla ya kuianika, na harufu yake, nusu siki nusu pombe, iliingia dirishani kutwa. Hilary, mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa na mradi, alisema mwanzoni harufu ile itaharibu mashine. Haikuharibu chochote. Kilichoharibu ni umeme. Ulikuwa unakatika bila taarifa, na ukikatika kabla hujahifadhi kazi yako, mto mzima ulioufuata kwa saa nyingi, kona kwa kona, unapotea kama hukuwahi kuugusa.

Kazi yenyewe, ukiieleza, ilionekana rahisi. Tulitakiwa kuiweka kwenye kompyuta ramani ya ufuko wote wa kaskazini, kuanzia mdomo wa mto Songwe hadi Matema, kwa ule mfumo wa taarifa za kijiografia ambao siku hizi kila mtu anautumia kwenye simu bila kuujua. Kila kitu kinakaa kwenye tabaka lake: mito peke yake, barabara peke yake, vijiji, mashamba ya mpunga, bandari ya Itungi. Kisha unayapandanisha matabaka hayo, na kompyuta inakuambia kipi kiko karibu na kipi. Wilaya ingetumia ramani hiyo kuamua wapi pajengwe zahanati, wapi mialo ya kushushia samaki, na wapi watu wasijenge kabisa kwa sababu ya mafuriko. Nilipewa ramani za zamani zilizochorwa kutokana na picha za anga, nizifuate kwa kidude chenye vitufe, mstari baada ya mstari. Hilary na dereva walizunguka vijijini na kifaa cha kupokea ishara za setilaiti, ambacho sote tulikiita jipiesi, wakirekodi mahali palipo na shule, kanisa, msikiti na kisima.

Mchana tulikula pamoja, kwa sababu Mama Tupoki hakuelewa kwa nini watu walio ndani ya nyumba yake wale hotelini. Tulikula wali na samaki wa ziwani aitwaye mbasa, wa kukaanga, siku nyingine mbalaga, ndizi zilizopikwa zikalainika hadi Hilary akakiri kwamba zinashinda za kwao, na huyo ni Mchaga. Baraza la mbele liligeuka kituo cha wafanyabiashara. Mkubwa wao alikuwa Yusufu, mtu mnene, mcheshi, aliyenunua mpunga Ipinda na kuupeleka ng'ambo Karonga, alikoolewa dada yake, kisha akarudi na vitenge, sabuni na sukari. Dirisha langu lilifunguka barazani. Kwa hiyo nilifuata mikondo ya mito huku nikisikia nani kakamatwa mpakani, nani kaoa mke wa pili upande wa Malawi, lori la nani limezama kwenye tope la Bujonde. Kwa watu wale Songwe haukuwa mpaka. Ulikuwa mto wa kuvuka asubuhi kwenda kumsalimia shangazi. Nilijifunza mengi ya nchi ile nikiwa nimeinama, bila kuinua uso.

Siku ya kupandanisha ilipofika, Hilary aliniita. Tabaka la ziwa nililolichora mimi lilikuwa la buluu. Tabaka la vijiji alilolileta yeye lilikuwa vitone vyekundu. Akabonyeza, kompyuta ikafikiri kwa muda wake, na Lusenga ikaonekana iko ndani ya maji. Lusenga ni kijiji cha ufukoni kati ya Itungi na Matema. Kina Wanyakyusa wakulima na Wakisi wavuvi, kanisa la bati, shule yenye madarasa manne. Vyote hivyo, kanisa na shule na mashamba ya muhogo, vilikuwa vinaelea ndani ya buluu. Tulicheka. Hilary akasema ni kosa dogo, atalirekebisha. Lakini kabla hajalirekebisha, mgeni wa mradi alipita akiwa na haraka, akataka nakala ya kupeleka kwenye kikao wilayani, na ile nakala ikachapwa ilivyo, rangi nzuri, karatasi nzuri, mihuri na vichwa vya maandishi. Wiki zilizofuata tulikuwa upande wa Songwe na hatukuifikiria tena.

Habari iliturudia barazani. Niliisikia sauti ya Yusufu ikiwa haina mzaha. "Zahanati waliyoiahidi Lusenga imeondolewa," alisema. "Wanaipeleka Ipinda. Wanasema Lusenga iko ndani ya maji, na waliopo wahame." Mtu akamuuliza nani kasema. "Kompyuta," akajibu Yusufu, na wote wakageuka kutazama dirisha langu. Kesho yake akaja mwenyekiti wa Lusenga mwenyewe, Mzee Ambakisye, mtu mrefu mwenye koti zito licha ya joto. Alinisalimia, "Ugonile, mwana wangu," nikaitika, "Ndaga." Akakataa kochi, akakaa kwenye kiti cha mbao. Kisha akamgeukia Hilary, akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Nimekuja kuuliza, bwana mkubwa, maana nimeambiwa wilayani kwamba nimezama."

Hilary hakucheka. Alimwonyesha ramani kwenye kioo. Mzee akaitazama kwa utulivu, akauliza kanisa ni lipi, nyumba yake ni ipi. Alipoonyeshwa kitone cha nyumba yake akakigusa kwa kidole. "Mwaka juzi," alisema, "mkwe wangu alishikwa na uchungu usiku. Tukampandisha mtumbwi kwenda Matema, upepo ukatukatalia. Mtoto hatukumpata. Zahanati ile tumeililia tangu wakati huo. Sasa mimi sijui mambo ya mashine. Naomba tu mje mnitoe humu majini." Akaaga kwa heshima, akaondoka. Mama Tupoki aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai alibaki nalo hivyo hivyo. Siku hiyo Hilary hakula mchana.

Nimewahi kuwasikia vijana wakisema kwamba tulikuwa wajinga, kwamba leo kosa lile lingegunduliwa kwa dakika moja. Ni kweli. Lakini sisi hatukuwa na mtu wa kumpigia simu. Kwanza tulishuku kile kifaa. Wakati huo wenye setilaiti walikuwa wanavuruga ishara kwa makusudi, kwa sababu za kijeshi, hivyo ukisimama mahali pamoja bila kusogea, kifaa kinakuambia unatembea. Hilary akadhani vitone vimetawanyika kwa sababu hiyo. Nikamwambia kwamba vingekuwa vimetawanyika kila upande, na hivi vyote vimesogea upande mmoja, kusini, kuelekea ziwani. Akanitazama. "Basi ni mchoro wako," akasema. Nikakasirika. Nikaichukua ramani ya zamani nikaifuata upya mbele yake, polepole, na mstari ukaangukia pale pale. Tulikaa siku mbili tukizungumza maneno ya lazima tu, na Mama Tupoki akituwekea sahani mbali mbali, kama wake wenza.

Mwishoni tulikubaliana kutafuta mahali ambapo hatuwezi kubishana. Juu ya kilima kimoja cha upande wa Ipinda kuna nguzo ya zege iliyowekwa na wapimaji wa zamani. Mahali pake panajulikana na pamechorwa kwenye ramani. Yusufu akatupeleka kwa pikapu yake, akisema kama kuna jambo linahusu Lusenga na yeye linamhusu, kwani ana ghala huko. Tukaweka kifaa juu ya nguzo, tukaanza kuandika kinachosema. Kilitangatanga kama mbuzi aliyefungwa kamba, huku na huku, lakini jua lilivyozidi kupanda tukaona mbuzi huyo anazunguka mti gani. Katikati ya mzunguko ule hapakuwa kwenye nguzo. Palikuwa kusini yake, kwa umbali ule ule ambao kanisa la Lusenga lilikuwa limeingia ziwani. Hilary alihesabu mara ya pili, akalala chali kwenye nyasi, akaanza kucheka peke yake. Yusufu akaniuliza kwa sauti ya chini kama bwana huyu hajapigwa na jua.

Alitueleza tukiwa tunakula ndizi za kuchemsha na usipa, dagaa wa ziwani, aliotufungia Mama Tupoki. Dunia, alisema, si mviringo kamili kama mpira. Wapimaji wa zamani walichagua umbo moja la kuikadiria wakachora ramani zao zote kwa hilo. Wenye setilaiti wamechagua umbo lingine. Kila mmoja yuko sawa kwenye hesabu zake, lakini ukichukua namba za huyu ukaziweka kwenye ramani ya yule bila kuzigeuza, kila kitu kinahama. Huku kwetu kinahama kusini. "Katikati ya mpunga usingejua," alisema. "Nyumba ingehamia shamba la jirani, basi. Lakini ukiwa ukingoni mwa ziwa, unaingia majini." Yusufu akatafuna, akafikiri. "Kwa hiyo Lusenga haikuzama," akasema. "Ilisukumwa." Hilary akasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaonekana kijana. Njia nzima kurudi Yusufu aliimba.

Tuligeuza namba. Umeme ukakatika, tukaanza upya, ukakatika tena, hadi mradi ukatuletea jenereta. Siku kazi ilipokubali tulikuwepo sote sebuleni, pamoja na Mama Tupoki, mikono yake ikiwa na unga, na Yusufu. Hilary akabonyeza, vitone vyekundu vikapanda kaskazini. Kanisa likatoka majini. Shule ikatoka, nyumba ya Mzee Ambakisye ikatoka. Mama Tupoki akapiga kigelegele kifupi. Kisha tukasogea karibu na kioo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mstari mmoja wa vitone, ule wa chini kabisa, ulibaki ndani ya buluu. Nilivijua vyote kwa sababu nilikuwa nimeviandika majina: mwalo wa samaki, mabanda ya wavuvi, ghala la Yusufu, na kiwanja walichokuwa wamekitenga kwa ajili ya zahanati.

"Hapo napo pamesukumwa," alisema Yusufu. Nilikwenda kuchukua zile ramani za zamani nikasoma maelezo ya pembeni, halafu nikamweleza kwa Kinyakyusa, ili asinielewe vibaya. Picha za anga zilizotumika kuchora zilipigwa ziwa likiwa limejaa. Tangu hapo maji yalikuwa yamerudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, na watu wakayafuata, kama wafanyavyo wavuvi, wakajenga kwenye mchanga mpya. Mchanga ule ulikuwa wa kweli. Niliukanyaga kwa miguu yangu. Lakini ziwa lililokuwa juu yake nalo lilikuwa la kweli. Yusufu alisimama muda mrefu akitazama kitone cha ghala lake, lililojengwa kwa matofali ya kuchoma aliyoyasomba mwenyewe. Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Tulikwenda Lusenga, na mkutano ukafanyika kanisani. Hilary alisimama akasema wazi kwamba ramani ya kwanza ilikuwa na makosa, kwamba kijiji kipo nchi kavu, na watu wakapiga makofi. Kisha akaeleza habari ya mstari wa chini, makofi yakaisha. Aliuliza maji yaliwahi kufika wapi. Nilitegemea wazee watatuonyesha, tuchore, tumalize. Badala yake wakaanza kubishana. Bibi mmoja wa Kikisi, mfinyanzi wa vyungu, alisema maji yalifika kwenye mafiga yake. Jirani yake akasema hayakufika, yale yalikuwa mafuriko ya mto, si ziwa. Mwingine akasema yalifika mbali zaidi, lakini yalikaa msimu mmoja tu. Tukatoka nje, kila mmoja akachomeka kijiti pale anapopakumbuka. Vijiti vilikaa vimetawanyika kwenye mchanga, vingine karibu na maji, vingine karibu na ukuta wa kanisa. Mzee Ambakisye akanivuta pembeni. "Mwana wangu," alisema, "wilayani wanataka kusikia neno moja. Waambieni tumetoka majini, basi. Wakija kuanza kuuliza habari za vijiti hivi, zahanati itakwenda Ipinda." Nilimwelewa kabisa, na hilo ndilo lililonikosesha raha.

Jioni ile ile tukiwa njiani nilimwambia Hilary tuchore mistari miwili: mmoja wa ziwa likiwa limepungua, mmoja likiwa limejaa, na katikati tupake rangi yake. Alikataa. Alisema programu inataka ziwa liwe na ukingo mmoja. Ukiuliza kijiji kiko umbali gani na maji, haiwezi kukujibu majibu mawili. "Na mimi siwezi," aliongeza. "Nilishawapelekea ramani moja mbovu. Sasa niwapelekee yenye maziwa mawili?" Kesho yake nikiwa mezani na kazi yangu nilimsikia akila jikoni na Mama Tupoki, mlango ukiwa wazi. Alikuwa akimweleza yale yale, kwa Kiswahili cha taratibu, kama anajieleza mwenyewe. "Wataniuliza, mstari upi ndio wa kweli?" Kijiko cha mama kikagonga sufuria. "Si yote?" alisema. "Basi waambie yote. Kula, Baba, samaki anapoa." Kisha nikamsikia Hilary akicheka ule mcheko wa kilimani. Aliingia sebuleni akifuta mikono, akavuta kiti karibu na changu, akasema, "Haya, dada Atu. Tuchore hayo maziwa yako."

Tulifanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa, na sijawahi kufurahia kazi kama ile. Tulipata picha ya setilaiti iliyochapwa, ya mwaka wa karibuni, ikatupa ziwa la sasa. Ramani za zamani zikatupa ziwa lililojaa. Vijiti tukavipima kimoja kimoja, kila kimoja kwa kukaa na kifaa muda wa kutosha, huku wanawake wa kijijini wakituletea mihogo ya kuchoma na kutuuliza mashine inasemaje. Tukapita hivyo ufuko wote, kijiji baada ya kijiji, hadi Matema chini ya milima. Kila mahali watu walibishana na kila mahali tukaandika ubishi wao. Hilary, ambaye alikuja Kyela akiamini kwamba kazi ni ya mashine na watu ni wa kuizuia, akajifunza kuamkia kwa Kinyakyusa, vibaya mno, na kungoja majibu.

Kikao cha wilaya kilifanyika kwenye ukumbi wenye feni moja. Wajumbe wa Lusenga walikaa nyuma, Yusufu akiwa nao, amevaa kofia na kanzu safi. Hilary alibandika ramani mpya ukutani. Hakuanza na uzuri wake. Alianza kwa kusema kwamba ile ya kwanza ilikosewa na kueleza kwa nini, kwa maneno ambayo hata mimi niliyekuwepo niliyaona mepesi. Ofisa mmoja aliyekuwa anaongoza kikao akauliza, kama tulivyojua atauliza, "Sasa mtaalamu, ziwa linaishia wapi?" Hilary akamwonyesha ile rangi ya katikati. "Hapa mheshimiwa, linaishia na kuanza upya. Miaka mingine ni shamba, miaka mingine ni maji. Kijiji kiko juu ya hapo, hakina haja ya kuhama. Ila kiwanja cha zahanati kiko ndani yake." Minong'ono ikapita ukumbini. Mzee Ambakisye aliinamisha kichwa. Ofisa akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua kwamba, kwa kuwa kiwanja hakifai, uamuzi wa Ipinda unabaki.

Yusufu ndiye aliyesimama. Nilikunja vidole chini ya meza, kwani katika chumba chote yeye ndiye ambaye ramani ile ilimwumiza zaidi. "Mheshimiwa," alisema, "mimi ghala langu liko humo kwenye hiyo rangi. Nimeambiwa na hawa, na sikufurahi. Ghala likizama ni langu, nitalia mwenyewe. Lakini zahanati si yangu. Kiwanja kibaya kinabadilishwa kwa kiwanja kizuri, hakibadilishwi kwa kijiji kizima kutembea kwenda Ipinda. Kama wenye ardhi ya juu watatoa mahali, pikapu yangu itapandisha matofali mpaka nyumba iishe." Akakaa. Mzee Ambakisye akainuka polepole akasema kwamba shamba lake la muhogo nyuma ya kanisa liko juu ya vijiti vyote, na mkwe wake atakuwa wa kwanza kulifyeka. Hapo hapo yule bibi mfinyanzi, ambaye hakuna aliyejua kwamba amekuja, akasema kwa Kikisi jambo lililowachekesha watu wa nyuma. Lilitafsiriwa kwamba yeye bado anasisitiza maji yalifika kwenye mafiga yake. Hata ofisa alicheka. Zahanati ikarudi Lusenga siku hiyo.

Mradi ulikwisha mwaka ulipokwisha, kama miradi inavyokwisha. Kompyuta zilipakiwa kwenye maboksi na sebule ikarudishiwa meza ya kulia. Hilary alikwenda Dar es Salaam, kisha nchi za mbali. Mimi niliajiriwa Mbeya kwenye kazi hiyo hiyo, nikaifanya hadi nilipostaafu, mabonde na mito na mipaka ya vijiji, na popote nilipokwenda niliuliza watu kwanza wanabishana nini. Yusufu alitimiza neno lake la matofali. Miaka michache baadaye mvua kubwa zilinyesha mfululizo, ziwa likapanda, mwalo ukaenda na mabanda yakaenda, na ghala likaanguka upande mmoja, asubuhi, watu wakitazama. Alikuwa ameshaondoa mzigo wote ndani yake. Alihamia Karonga kwa dada yake, na alifariki huko akiwa na maduka mawili na wajukuu wengi. Mama Tupoki ndiye aliyekuwa akinipa habari hizo, kila nilipopita kumwona, wali ukiwa jikoni.

Siku ya pili baada ya msiba Hilary alisema anataka kuona. Tukakodi gari hadi Lusenga. Zahanati imepanuliwa; ina wodi ya wazazi iliyopakwa rangi ya maziwa, na miti ya kivuli imekua mbele yake. Akina mama walikuwa wamejipanga kwenye benchi na watoto wao, tukakaa nao kwa sababu ya goti lake. Nesi mmoja, binti mdogo, akadhani tumekuja kutibiwa, akatuuliza tunasumbuliwa na nini. Hilary akamwambia hapana, ila anauliza tu kama maji yamewahi kuingia humu ndani. Binti akamtazama, akanitazama mimi, hakuelewa swali limetoka wapi. "Maji?" alisema. "Hapana, babu. Ziwa liko kule chini." Akatuonyesha kwa kidole, kwa upole, kama anavyoonyeshwa mgeni, kisha akaita mama anayefuata.